Nani atapokea kijiti mkononi mwa Violeth?

Jua halijachomoza Maretadu, na ukungu umeulalia uwanja wa shule kama ng'ombe aliyegoma kuinuka. Fausta Akonaay amesimama kwenye kona ya mwisho, blanketi begani, filimbi mdomoni. Hapulizi. Anasikiliza nyayo.

Anazisikia kabla hajamwona mkimbiaji. Helena anachomoka ukunguni, kijiti mkononi, anapaza sauti: "Haya!" Mbele yake Violeth anaanza kukimbia, mkono nyuma, kiganja wazi. Halafu anafanya kile alichokatazwa wiki nzima. Anageuka kutazama.

Kijiti kinaanguka.

"Usitazame!" Fausta anafoka. "Kinakuja chenyewe! Wewe kimbia, mkono utakipata!"

"Nimezoea kutoa, Matroni," Violeth anajibu huku akikiokota. "Kupokea sijazoea."

Kijiti chenyewe ni kipande cha bomba la maji kilichozungushiwa utepe mwekundu. Jumamosi hii kitasafiri hadi Katesh, chini ya Mlima Hanang, kwenye fainali ya ligi ya riadha ya shule za sekondari. Wasichana wanne wa Maretadu watakimbia mbio za kupokezana, kila mmoja mita mia. Mwaka jana walishika nafasi ya pili. Mwaka huu tatizo lao si miguu.

Fausta, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, si mwalimu. Ni matroni wa bweni la wasichana. Yeye ndiye anayewaamsha, anayewapeleka zahanati, anayeamua ugomvi wa ndoo na sabuni. Ukocha ulimwangukia kwa sababu mwalimu wa michezo, Maximilian, alikuwa akipuliza filimbi alfajiri na hakuna msichana aliyetoka kitandani.

"Wakaona mimi ndiye ninayewatoa kwenye mablanketi," anasema akicheka, "basi wakaniambia niwakimbize kabisa."

Hadi Pasaka, Violeth ndiye aliyekuwa akianza mbio. "Mlio ukitoka, yeye ameshaondoka," Fausta anasimulia. "Wenzake bado wanajiuliza kama wameusikia."

Kisha kaka yake, Vicent, akafa. Pikipiki ilimteleza kwenye mteremko wa kwenda Yaeda Chini. Alikuwa kijana, hajaoa. Violeth alikwenda kuzika, akarudi shuleni kichwa kimenyolewa.

Huku nyanda za juu, Jumapili makanisa hujaa hadi watu wakasimama nje madirishani. Lakini mambo ya mababu hayajahama. Wazee wa Kiiraqw huiita metimani: nyumba iliyofiwa na kijana hujitenga na watu hadi wazee waseme yamekwisha. Walio ndani yake hawaingii kwa jirani, hawanywi kibuyu kimoja na wengine, wala mtu hapokei kitu mikononi mwao. Zaidi ya yote, hukaa mbali na mjamzito na mtoto mchanga.

"Mgeni akiona, atasema ni chuki," anasema Fausta. "Si chuki. Ni woga wenye adabu."

Bwenini hakuna aliyelifikiria hilo. Wasichana walilala, wakafua, wakasuka nywele kama kawaida. Mambo yaliharibika uwanjani, siku ya kwanza ya mazoezi baada ya msiba. Loveness, mkimbiaji wa pili, alinyoosha mkono. Kijiti kilipogusa kiganja, akafunga ngumi. Kikaanguka. Wakarudia. Kikaanguka tena.

Fausta alimkaripia kwa uzembe. Hapo Loveness akaangua kilio.

"Babu amekataa, Matroni. Amesema nikipokea kitu kwake, nisirudi nyumbani likizo."

Violeth alikiokota kijiti, akakiweka juu ya majani, akarudi nyuma hatua kadhaa. Jioni hiyo alibeba sahani yake, akala peke yake nyuma ya jiko.

"La kijiti ningeweza kulimeza," anasema Fausta. "Hilo la sahani lilinikaba."

Mwalimu Maximilian alitaka mambo yaishe kimya kimya. "Tumpumzishe, tuweke mwingine," alimshauri. "Wasichana tunao. Kwa nini tuvutane na wazee?"

"Nikimtoa leo, nimemzika pamoja na kaka yake," Fausta akamjibu.

Kesho yake alipanda kilima kwenda kwa Mzee Basili, babu yake Loveness. Alimkuta akipiga maharage kwa fimbo, makapi yametanda hadi kwenye kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au kunigombeza?"

"Nimekuja kuuliza."

"Anayekuja kuuliza hukaa. Wewe umesimama."

Fausta akakaa juu ya gunia. Mzee akamtangulia kusema. "Najua ni kijiti. Mimi nimezika wawili msimu mmoja, mama. Usinieleze kwamba haya ni ya kale."

"Sikuelezi, baba. Lakini siku zile mlipojitenga, mlikula nini?"

"Watu walituletea. Tungekula mawe?"

"Na mikono iliyowaletea chakula, ilipatwa na baya lolote?"

Mzee Basili akaishusha fimbo. "Kumpa mfiwa si kosa. Kosa ni kupokea kwake."

"Basi Violeth atakimbia wa mwisho," Fausta akasema. "Wa mwisho hupokea tu. Hampi mtu."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Wewe mwanamke, ungeweza kumuuzia mtu moshi! Haya. Loveness na akimbie. Na mimi nitakuja Katesh nione kwa macho yangu."

Fausta alikuwa ameshafika kwenye uzio wa minyaa aliposikia akiitwa.

"Mama! Na huyo wa mwisho akimaliza, kijiti anamkabidhi nani?"

Aliteremka kilima nalo swali hilo, na hadi leo bado analo.

Kupangua timu kumeleta maumivu yake. Loveness sasa ndiye anayeanza, na mlio humkuta akifikiri. Violeth, aliyekuwa risasi ya kwanza, hugeuka nyuma kila mara, kama mtu asiyeamini kwamba kuna anayemletea kitu. Juzi kijiti kilianguka asubuhi nzima. Jana kilishikwa mara moja tu.

Wapinzani nao wana habari. Gidahosh, kocha wa shule moja ya Katesh, humpigia Fausta simu kila jioni kumtania.

"Matroni, njooni na mablanketi. Katesh kuna upepo, na ninyi mtakaa sana kwenye majani mkitutazama tukikimbia."

"Tutakuja nayo," Fausta humjibu. "Tutawafunika mkizimia."

Simu ikikatika, kicheko huisha. Violeth si mtoto wa kufichwa mambo. Juzi alimfuata Fausta kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Matroni, nimewekwa mwisho kwa sababu nina mbio, au kwa sababu nina msiba?"

"Vyote viwili," Fausta alimwambia. "Sikudanganyi, mwanangu."

"Afadhali," akasema Violeth, akaendelea kukamua sketi yake.

Lakini kila zoezi linapokwisha, kuna jambo linaloendelea ambalo hakuna aliyelipanga. Violeth hufika mwisho, hukilaza kijiti juu ya majani, hurudi nyuma. Loveness huja, hukisugua kwa nyasi zenye umande, ndipo hukibeba kurudi mwanzo. Wanafanya hivyo bila kutazamana. Zamani walikuwa wakilala kitanda cha juu na cha chini, wakipokezana hata kitana.

Fausta mwenyewe hajawahi kukipokea kijiti hicho mkononi mwa Violeth.

"Hata mimi naogopa," anakiri, akivuta blanketi. "Naimba kwaya, nakwenda jumuiya, na bado naogopa. Nisijifanye shujaa gazetini."

Woga wake una jina. Binti yake, Hilaria, ameolewa Dongobesh, na wiki yoyote kuanzia sasa atajifungua mtoto wa kwanza. Chini ya mto wa Fausta kuna shali ya sufu nyeupe aliyoifuma mwenyewe, imebaki pindo. Juzi mama mkwe wa Hilaria alipiga simu. Alisalimia kwa heshima, akaulizia mvua, akaulizia maharage, ndipo akafika alikokuwa akienda.

"Mama Hilaria, tumesikia mnakwenda Katesh na yule mtoto mfiwa. Hatukatai. Ila usije ukashikashika vitu vyake. Tunataka uje umbebe mjukuu."

Fausta aliitikia ndiyo. Usiku huo hakufuma.

Uwanjani, wasichana wanajipanga tena. Loveness anaondoka, safari hii mapema kidogo. Irene, ambaye sasa ni wa pili, anapokea, anampa Helena. Nyayo zinakuja kwenye kona. "Haya!" Violeth anaanza, mkono nyuma. Shingo inatikisika, inataka kugeuka. Haigeuki. Kijiti kinatua kiganjani, na msichana anapotea ukunguni kuelekea mwisho wa uwanja.

"Ameshika!" Helena anaruka. "Matroni, ameshika!"

Fausta hashangilii. Anatembea haraka kumfuata, na anamkuta amesimama nje ya mstari, anahema, kijiti kimeinuliwa kidogo kama mtu anayetaka kumpa mwenzake. Mkono wa Fausta unatoka nje ya blanketi, unasita, unarudi ndani. Violeth anainama, anakilaza kijiti kwenye majani.

"Umeona mwenyewe," Fausta anasema baadaye, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa bweni, shali mapajani. Safari hii sindano zinakwenda. "Nilitaka kukichukua pale pale. Halafu nikajiuliza, nikikipokea hapa kwenye ukungu, nani ataona? Atakuwa amepona kwa siri, na kwa watu bado ni mgonjwa."

Kwa hiyo ana mpango wake. Jumamosi atasimama kwenye mstari wa kumalizia, mbele ya wazazi wa Mbulu na Hanang, mbele ya Gidahosh, mbele ya Mzee Basili aliyeuliza swali lake akiwa kwenye maharage. Washinde, wasishinde, Violeth hataweka kijiti chini.

"Nitanyoosha mkono. Akinipa, nimepokea. Mzee atakuwa amejibiwa."

Na mjukuu?

Fausta anahesabu vitanzi vya pindo, midomo ikicheza, hadi mstari unakwisha. Ndipo anainua uso.

"Wakwe wakinizuia mlangoni kwa Hilaria, shali nitaituma, nami nitasubiri hadi wazee waseme yamekwisha. Mtoto mchanga hahesabu siku," anasema. "Violeth anazihesabu."