Kabine ya Upande wa Milima

Hii stori nilikataaka kuielezea hata ku bandugu, na nikiisema uso inawaka moto, mais bon, sikilizeni, kisha mucheke vile munapenda.

Bibi yangu Kavira alikuwa amerudi kwa bazazi yake kule Bungulu, Beni, juu ya palabre, ugomvi yetu ya nyumba (sitaieleza, mwenye makosa anajulikana). Mama yake, mama mukwe wangu, alikuwa anaenda Bukavu kuona mutoto wake wa mwisho akiingia masœur (utawa), na akaniita: "Mukwe, unifikishe muzuri kule, kisha tutaongea mambo ya Kavira." Ndoa yangu yote ilikuwa mu ile safari, munanielewa?

Goma, ku bateau, ile meli ya Bukavu, mizigo ikabaki chini, na matelot, kijana wa kazi ya meli, akatuonyesha kabine mbili, mulango inaangaliana na mulango, rangi moja, hakuna numero. "Papa, chagua." Mimi mutu wa Butembo, maji nilizoea ni ya mu bidon, nikachungulia madirisha: moja inaona milima, ingine inaona ziwa tupu. Nikachagua ya milima, na mama nikamupatia ya ziwa, nikisema na mudomo tamu, "Mama, huku utapata hewa." (Bwana anisamehe.)

Bateau ikaondoka, nikasimama inje, kichwa ikaanza kuzunguka, njo narudi mbio kutafuta kitanda, nachungulia huku, ziwa, nachungulia huku, milima, nikasema ndiyo yangu, nikajitupa na viatu, nikavuta kikwembe moja nilikuta pale (nilifikiri ni blanketi ya bateau!), nikajifunika mupaka kichwa.

Mulango ikafunguka. "Yesu Maria! Mukwe mu kitanda yangu!"

Kwetu Banande mukwe hata kiti ya mama mukwe hakalieke, sasa kitanda? Nikatoka mbio, kikwembe imeninasa ku shingo, koridoro imejaa batu, askari mmoja anauliza na Lingala yake, "Likambo nini?", nami napiga kelele: "Nilikuwa mu kabine yangu! Ya milima!"

Matelot akacheka mupaka akakaa chini. "Papa, bateau iligeuka pa kutoka. Milima sasa iko upande ya mama."

Iligeuka namna gani? Kwetu kilima haihamake. Mupaka leo sielewe muzuri.

Kule Bukavu, ku fete, sikukuu ya mutoto wake, mama akanitumia tantine (shangazi) wa Kavira na maneno: "Ile kitanda inaomba mbuzi. Itakuliwa mu nyumba yako, na mwenye kuipika ni muke wako, hapana mutu mwengine." Ni azabu ao ni zawadi?

Kavira akafika Butembo na sufuria kubwa ku kichwa, akapika, tukakula, akanicheka mupaka machozi ikatoka, na hakurudi tena Bungulu. Sasa, alirudia mimi ao alirudia mbuzi? Sijui. Nilishaapa mbele ya Mungu: hiyo swali sitamuulizaka hata siku moja.