Kidonge Kinachotaka Chakula

Siku babu yangu aliponifokea naikumbuka hadi leo, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimetoka kuchimba dhahabu huko Geita, najiona mtu kweli kweli. Wanaume wa kaya walikuwa shikome, pale motoni tulipokula pamoja kila jioni. Mimi nikabeba ugali wangu nikaula chumbani, maana maneno ya wazee yalinichosha. Babu akanifuata mlangoni: "We kijana, fisi ndiye anayekula kwa kujificha!" Nikacheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilichelewa tu.

Sasa mzee ni mimi. Mke wangu amefariki, watoto wako machimboni, nami nimebaki hapa Nyahanga na ugonjwa wa sukari. Nesi alinipa kidonge kikubwa, akanieleza vizuri: "Babu, hiki kikikuta chakula kinavimba, kinakaa tumboni, kinatoa dawa polepole. Usikiponde kama mawe yenu ya dhahabu! Na ukikimeza tumbo likiwa tupu, kinapita upesi, hakikusaidii." Nikaitikia ndiyo, ndiyo.

Lakini nani asonge ugali wa mtu mmoja? Jioni niliitazama sufuria, moyo ukaniuma, nikameza kidonge kwa maji nikalala. Watoto wakipiga simu huuliza, "Baba, umemeza dawa?" Nimemeza. Wanafurahi, wanakata. Sasa hapo nilidanganya?

Ikawa hivyo kila jioni, kidonge kinapita bure, sukari ikapanda hadi nikaanguka uani. Jirani yangu Mama Kulwa ndiye aliyenifikisha hospitali. Nesi akauliza nimekuwa nikila nini. Mama Kulwa akanijibia: "Jiko lake limejaa vumbi. Huyu mzee hali." Weee! Aibu ilinishika, mtu mzima nikalia.

Siku hizi nakula kwake. Akisafiri napasha kiporo, nakula huku natazama mlango. Upweke haujaisha, nisikufiche.

Basi nisikilize, mwanangu. Dawa za siku hizi zimetengenezwa kwa akili nyingi, lakini hiyo yangu inataka chakula, na chakula cha mzee kinataka mwenzake. Ukimpigia mzazi wako simu jioni, usiishie kwenye dawa. Muulize amekula nini, amekula na nani. Ukiwa karibu, nenda mkanawe mikono pamoja. Wangu bado wanauliza dawa tu.

Mungu akupe uzee mwema, na mtu wa kukuambia karibu chakula.