Tohara Niliyoiagiza kwa Uongo

Siku ile sijaisahau, mwanangu, wala sitaki niisahau. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, asubuhi, katika hospitali moja hapa Gisenyi, upande wa Rwanda. Mdogo wangu Safari alikuwa amepata mtoto wake wa kwanza, wa kiume, na mimi shangazi mtu nilifika kutoka Goma na thamosi ya uji wa mtama na maneno mengi.

Ukoo wetu kule Goma una Waislamu na Wakristo, tunabishana hata mezani, lakini kwa tohara sote tu kitu kimoja: mtoto wa kiume hutahiriwa, tena mapema. Vestine, mke wa Safari, ni mtu wa Busasamana, huku huku Rwanda, na kwao hawakuwa na desturi hiyo. Mimi sikuona kama hilo ni jambo la kuulizia. Safari nilimlea mwenyewe tangu mama yetu afariki, na hakuwahi kunipinga hata siku moja. Basi Vestine alipopitiwa na usingizi, naye Safari yuko nje akitafuta maji ya moto, nilimwendea muuguzi nikamwomba amtahiri mtoto. Akaniuliza kama wazazi wamekubali. Nikasema wamekubali. Nilisema bila hata kupepesa macho, mwanangu!

Njia ya mwongo ni fupi. Muuguzi alipokuja kumchukua mtoto, Vestine aliamka akamkumbatia kifuani. Hakuwa na nguvu hata za kuketi vizuri.

“Oya,” alisema, yaani hapana kwa Kinyarwanda. “Mi na baba yake tulishaongea. Hatutaki.”

Nikawaka. Nikamwambia wenzake watamcheka mtoto wakienda kuoga ziwani, na yeye mgeni asituvunjie mila. Hapo Safari akaingia na birika. Nikajua mambo yamekwisha, maana kijana wangu atanisikiliza mimi. Alitua birika chini, akasimama upande wa mkewe.

“Yaya,” alisema, maana kwetu ndivyo mdogo amwitavyo dada mkubwa, “mi balinitahiri bila kuniuliza, na ni wewe ulinishika mikono. Nililia jina yako. Huyu hapana. Akikuwa mukubwa, atachagula yeye mwenyewe.”

Hakupaza sauti. Na ilikuwa kweli: nilimshika. Muuguzi akanitazama. “Bon, mama, hapa ni wazazi ndio banakubali,” akasema, akaondoka zake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nilivuka mpaka nikarudi Goma, nikijua nimejifukuzisha. Kumbe siku ya kumpa mtoto jina, Safari alikuja mwenyewe kunichukua. Nyumbani kwao Nengo, mtaa wa hapa hapa Gisenyi, mbele ya ndugu wa pande zote mbili, Vestine alinyanyuka akaniwekea mtoto mikononi.

“Mubebe, shangazi yake,” alisema.

Nililia mbele za watu. Walikuwa vijana wawili tu, nyumba yenyewe haina hata kiti cha pili, na waliweza kumwambia mkubwa hapana bila kumtupa mkubwa. Mimi kwa umri ule sikuwa na moyo huo. Nawaheshimu hadi leo.

Basi sikia, mwanangu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Siisemi vibaya tohara, ni desturi yetu na naipenda. Lakini ukiitwa kushauri, shauri, na ukiambiwa hapana, kunywa uji wako unyamaze. Ukiwa mzazi, simama na mwenzako, mkatae kwa adabu, kisha mlango muuache wazi.

Mtoto yule ni mwanamume sasa, na jambo lake aliliamua mwenyewe. Watu wa Goma bado wananiuliza aliamua nini. Nawaambia sijui, na kweli sijui, kwa kuwa sikumuuliza.

Mungu akujalie watoto, mwanangu, na mashangazi wanaojua kukaa pembeni. Amina.