Maji ya Bibi Harusi

Nyumbani kwetu Mandewa maji ya kuoga hayamwagwi ovyo. Kila mmoja huoga akiwa amesimama ndani ya beseni pana, na akimaliza hulibeba hadi nyuma ya bafu, akamwagilia mchicha na chainizi. Hivyo ndivyo mama alivyotulisha mboga mbichi kiangazi chote, wakati majirani wakipika mlenda uliokaushwa. Chuoni, walipotufundisha matumizi endelevu ya maji, nilitabasamu. Somo lile nilikuwa nimeliishi.

Nilirudi na shahada yangu ya mazingira mwaka ambao dada yangu alikuwa anaolewa. Nikamkuta ameanza kujipaka mkorogo, krimu za kung'arisha ngozi zilizochanganywa saluni na kutiwa katika kopo lisilo na maandishi. Nilijua kwamba krimu za namna hiyo mara nyingi hubeba zebaki, na kwamba zebaki haipotei kwa kuoshwa, huhama tu. Hutoka shavuni ikaingia katika beseni, ikatoka katika beseni ikaingia katika tuta la mchicha. Na tuta lile lilikuwa chakula chetu.

Sikumlaumu, nilimtengenezea mbadala. Niliagiza nta kwa wafuga nyuki wa Manyoni, nikaiyeyusha pamoja na mafuta ya alizeti yaliyotoka mashineni siku hiyohiyo, nikampa na dodoki badala ya ile sabuni yake yenye chembechembe za plastiki. Dada alikubali. Wekundu wa mashavu yake ukaanza kutulia, nami nikaamini, kwa imani ya mtu aliyemaliza chuo juzi, kwamba hoja njema hujitetea yenyewe.

Ndipo shangazi alipofika kutoka Nduguti kuja kumfunda. Nilipomwamkia shikamoo hakuitikia upesi, alikuwa ananusa.

"Marahaba. Nani anakaanga maandazi?"

"Ni mafuta ya dada, shangazi. Hayana kemikali."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani! Bibi harusi ananukia andazi! Mumewe si ataingia chumbani na kikombe cha chai?"

Wanawake wote wakaangua kicheko, mama akiwemo, dada akiwemo. Nikaanza kueleza habari ya zebaki. Shangazi akanikatiza: "Wewe umesoma, mwanangu, utaolewa na vyeti. Mwache mwenzio aolewe na sura."

Siku hiyohiyo dada alilirudia kopo lake.

Nikabaki na ombi moja tu: basi maji yake yasiende bustanini. Mama alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Yamwagwe? Singida hii, mwezi wa tisa?" Nililibeba beseni mwenyewe, nikayamwaga barabarani. Jirani wa ng'ambo akapaza sauti: "Kwenu mmechimba kisima?" Mama alitoka mbio, akaninyang'anya beseni mbele ya watu. Mara iliyofuata dada alipooga, mama hakumwachia mtu mwingine kazi ile.

"Mboga hizi zimekulisha mpaka ukapata huo ulimi," aliniambia. "Leo ndiyo zimekuwa sumu?"

"Ndiyo, mama. Leo."

Aliyamwaga maji yale taratibu, shina kwa shina, huku akinitazama.

Harusi ilipita. Tangu hapo siigusi mboga ya nyumbani, na katika nyumba inayokula sahani moja, kukataa mboga ya mama ni tusi. Ananiwekea dagaa pembeni. Namwamkia, ananiitikia, basi.

Sasa dada amerudi kujifungulia kwetu, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Uso wake ni mweupe, viungo vya vidole vimebaki vyeusi. Bado anajipaka, bado anaogea katika beseni, na ujauzito umemtia hamu ya mchicha tu. Juzi, tulipokaa kula na mama, nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia kwamba sasa hajilishi yeye peke yake. Kwamba kinachomdhuru kidogo mtu mzima humdhuru sana aliye tumboni.

Hakuinua macho. Alifinyanga tonge lake, akalichovya.

"Huyu mtoto akizaliwa mweusi," alisema, "tutampa jina lako."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akamwongezea mchicha.