Ufunguo wa Mzee wa Darajani

Binti yangu ana miaka ishirini na moja na hana subira na kitu chochote kinachokwenda polepole, mimi nikiwemo. Likizo iliyopita alilikuta mtandaoni lile gemu ninalomsimulia tangu akiwa mdogo, akaliweka kwenye kompyuta yake, akalicheza nusu saa, kisha akanisogezea.

"Baba, niambie ukweli. Hivi hili lina maana yoyote kulicheza leo? Mtu mwenyewe anatembea kama kobe, halafu kila hatua tatu anavamiwa na popo."

Nilitaka kulitetea, maneno yakagoma. Picha ni vijisanduku vya rangi vilivyopangwa pamoja. Muziki ni kipande kimoja kifupi kinachozunguka mpaka kichwa kinauma. Magemu ya aina ile, ambayo wewe unakuwa mtu ndani ya hadithi, unatembea vijiji na vijiji, unazungumza na watu, unajikusanyia nguvu na silaha kidogo kidogo mpaka siku unaliweza joka, yalitengenezewa watu wenye muda. Sisi muda tulikuwa nao tele. Nikamwambia aniachie nijaribu mwenyewe, nikakaa nalo wiki tatu, kila jioni nikitoka kazini. Nilichokikuta humo ndicho kinachonifanya niandike haya, na kusema kweli afadhali nisingekikuta.

Gemu lenyewe lilifika kwetu Temeke miaka ya tisini, nikiwa kidato cha pili. Ndiyo miaka ambayo milango ilifunguliwa na kila aina ya kitu kikaingia mjini. Baba alikuwa amepunguzwa kiwandani na kutwa nzima alikuwa akitafuta la kufanya. Mjomba, ambaye sijawahi kumwona akidumu kwenye kazi yoyote, ghafla akawa mtu wa Dubai. Alikwenda na mabegi matupu, akarudi nayo yamevimba. Safari moja alitua nyumbani na mashine ya gemu na kaseti tatu: ya mpira, ya magari, na hii. Wenzangu wa mtaani waliipenda ya mpira. Hii waliikimbia kwa sababu ilijaa Kiingereza, ikabaki yangu mimi na bibi.

Bibi mzaa baba alikuwa mwenyeji wa Kimbiji. Baba alimleta kwetu ili atibiwe miguu. Aliniita mume wake, kama mabibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, na nikichelewa kurudi shule alitangaza nyumba nzima kwamba atadai talaka. Kukaa nami mbele ya televisheni kulianza kwa sababu sebuleni ndiko kulikokuwa na upepo. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, mara akainua macho.

"Huyo kijana anakwenda wapi?"

Nikamweleza. Kijijini kwao mto umekauka. Joka limelala kwenye chemchemi huko mlimani, naye amepewa upanga akalitoe. Bibi akaweka ungo chini. Mtaani kwetu wakati ule bomba liliweza kutoa hewa wiki nzima, na habari ya maji haikuwa hadithi kwake.

"Basi mpeleke," akasema. "Watu hawakai bila maji."

Ikawa ndiyo kazi yetu ya kila alasiri. Mimi nilisoma Kiingereza kwenye kioo, namtafsiria, maneno mengine nikikisia, naye ananiuliza maswali ambayo waliolitengeneza lile gemu hawakuyafikiria hata siku moja. Yule mwanamke anayesimama kisimani siku zote, watoto wake wako wapi? Kijana huyu anakula nini njiani?

Taabu ilianza kwenye nyumba ya kwanza. Katika magemu yale unaingia nyumba ya mtu yeyote, unafungua masanduku yake, unachukua dawa, nguo, chochote, na mwenye nyumba anakutazama bila kusema neno. Ndivyo yanavyochezwa. Nilipomwingiza kijana ndani, bibi alinishika mkono.

"Hebu kwanza. Hapo ni kwa nani?"

"Sijui, bibi."

"Umepiga hodi?"

"Humu hakuna hodi. Mtu anaingia tu."

"Mie siingii kwa watu namna hiyo."

Tukatoka. Tangu siku hiyo kijana wetu alisimama mlangoni, mimi nikasema hodi kwa mdomo, bibi akasubiri kidogo, halafu akaitikia karibu mwenyewe kwa niaba ya wenyeji. Ndani nilitakiwa kuamkia wakubwa. Masanduku yalikuwa marufuku. "Sanduku la mtu lina siri zake," alisema, basi, habari imekwisha. Tulivuka vijiji viwili mikono mitupu, tukipigwa na kila mdudu kwa sababu ngao tuliyoihitaji tuliiacha chini ya kitanda cha mtu.

Nilinung'unika sana. Lakini leo, nikiwa na nywele nyeupe, naweza kukiri kwamba sijawahi kufurahia mchezo wowote kama ule. Umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, kazi yetu ya siku nzima ilipotea, mimi nikataka kulia. Bibi alijikunjia tambuu yake na kusema kwamba kesho tutawaamkia upya, hawatachukia.

Tulikwama darajani. Kuelekea mlimani kulikuwa na lango lililofungwa, na ufunguo wake, kwa habari tulizozipata kijijini, alikuwa nao mzee mmoja anayeishi peke yake kando ya daraja. Tukapiga hodi, tukamwamkia. Mzee akasema kwamba zamani mto ule ulikuwa mkubwa. Nikabonyeza tena. Zamani mto ule ulikuwa mkubwa. Hakuwa na neno jingine. Nyuma yake, kichwani mwa kitanda, kulikuwa na sanduku.

"Twende zetu," bibi akasema. "Kesho utarudi kumjulia hali."

Kesho yake nikarudi. Mzee akasema zamani mto ule ulikuwa mkubwa.

"Bibi, huyu anasema neno hilohilo tu. Ni mashine."

"Na wewe mbona kila asubuhi unanipa shikamoo ileile? Mie nimekuchoka? Mtu hakujui, umemwona juzi, leo tu akukabidhi ufunguo?"

Nikarudi tena, labda mara moja nyingine, labda mbili, kisha hamu ikaniisha. Shuleni nilikuwa na mwenzangu, mtoto wa watu wenye uwezo huko Mbezi Beach, aliyekuwa na gazeti la magemu kutoka nje. Aliponisikia nikilalamika alinicheka kweli kweli. Ufunguo umo kwenye sanduku la yule mzee, akasema, kila mtu anajua. Jioni ile nilifika nyumbani bibi akiwa chumbani anaswali alasiri. Nikawasha mashine, nikaingia kwa mzee, nikafungua sanduku. Kamlio kadogo ka furaha kakalia, ufunguo ukawa wangu.

Bibi alitoka akakuta lango liko wazi.

"Kakupa?"

"Kanipa, bibi."

"Kasemaje?"

Hapo ningeweza kusema lolote. Nikachagua maneno niliyojua yatampendeza. "Kasema, chukua mjukuu wangu, umenijulia hali siku nyingi."

Sijui kama niliwahi kumwona amefurahi vile. "Si nilikwambia?" akasema, akaenda jikoni na miguu yake mibovu kumwambia mama kwamba yule mzee hatimaye amelegea. Mama hakujua mzee yupi, akaitikia tu. Mimi nilibaki na pedi ya kuchezea mkononi, na badala ya kuona aibu, niliona nimekuwa mjanja.

Mtu akishaonja hivyo haachi. Siku chache baadaye tulipumzika katika kijiji cha chini ya mlima. Bibi alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, nikadhani amesinzia. Nikafungua sanduku la watu. Kamlio kakalia.

"Huo mlio," bibi akasema, macho bado kayafumba. "Siku ile ya ufunguo niliusikia nikiwa kwenye sala. Nikajua ndio mlio wa kupewa."

Alifumbua macho akaangalia kioo, akamwona kijana wetu amesimama mbele ya sanduku lililo wazi.

"Bibi, ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo, mie si mtoto. Lakini mkono uliofungua ni wako. Na mdomo ulionidanganya ni wako, haumo kwenye televisheni."

Hakunifokea. Alichukua ungo wake akahamia uani, na kuanzia alasiri ile akawa anakaa huko, kwenye joto. Chakula aliniwekea kama kawaida. Salamu aliitikia. Lakini aliacha kuniita mume wangu. Aliniita kwa jina langu, kama anavyoniita mwalimu, na nilikuwa sijui kwamba jina la mtu mwenyewe linaweza kumuuma.

Ningekwenda uani nikamwomba radhi, jambo lingekwisha palepale, maana bibi hakuwa mtu wa kinyongo. Sikwenda. Nilinuna mimi, mkosaji, nikajiambia kwamba bibi kizee wa Kimbiji hawezi kunifundisha kucheza gemu. Nilicheza peke yangu, nikaingia kila nyumba, nikakomba kila sanduku, na kwa siku tano joka likafa. Mto ukajaa. Watu wa vijijini wakatoka kuyatazama maji. Nikaita kutoka sebuleni kwamba maji yamerudi. "Alhamdulillahi," akajibu kutoka uani. Nilisubiri aje kuona. Nilizima mashine nilipomsikia akikwangua sufuria.

Kabla ya mwaka kwisha alirudi kwao, miguu haikupona. Mjomba aliiuza mashine kwa mtu wa Kawe. Mimi nikaingia mambo mengine, na Kimbiji ikawa mbali kuliko ilivyo. Nilikwenda kumwona mara moja tu, nikiwa kidato cha nne, baada ya kuletewa habari kwamba hajiwezi. Chumba kilijaa majirani na jamaa. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono, akaniuliza habari za shule, za mama, za baba. Halafu akauliza, kwa sauti ileile ya kuulizia watu wa nyumbani:

"Na yule mzee wa darajani, ulimrudishia ufunguo wake?"

Watu waligeuka kunitazama. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na saba, na nilichokiogopa kuliko vyote wakati ule ni kuonekana mtoto.

"Bibi, lile gemu lilishauzwa zamani," nikasema, nikacheka. Waliokuwepo wakacheka. Naye akacheka kidogo, nadhani kwa kunisitiri, akaniachia mkono ili apokee salamu za mgeni mwingine. Mwezi ule haukwisha, akafariki. Nimezika watu wengi tangu hapo, na kwa wengine nilikuwa na makosa makubwa zaidi, lakini ni kile kicheko changu tu ambacho bado kinanijia nikiwa naoga, nikiwa kwenye foleni benki, popote.

Kwa hiyo wiki zile tatu nilizokaa kwenye kompyuta ya binti yangu, nililicheza kwa sheria za bibi. Sikugusa sanduku. Nilifikiri ndiyo njia ya kumwomba radhi kwa kuchelewa, na nilijua nitakwama darajani, na nilikuwa tayari kukwama. Nilimwamkia mzee. Akasema zamani mto ule ulikuwa mkubwa. Nikaenda kijijini, nikarudi. Akasema hivyo hivyo. Nikarudi tena jioni iliyofuata, na iliyofuata, bila kutegemea kitu, nikiwa na chai yangu mkononi.

Mara ya tano maneno yalibadilika. Sasa Kiingereza nakijua, sikukisia. Mzee alisema kwamba siku hizi hakuna anayekuja kumtazama, wote wanapita tu kuelekea mlimani. Akasema mimi nimekuja sana. Akanipa ufunguo.

Nililiacha gemu likiwaka, nikatoka barazani. Yule mwenzangu wa Mbezi Beach na gazeti lake walijua njia moja tu, ile ya wenye haraka. Ile nyingine ilikuwemo muda wote, na bibi, asiyejua kusoma hata herufi moja ya kioo kile, aliniambia ilipo. Tulikuwa tumebakiza mara moja au mbili.

Binti yangu alinifuata nje, akaniuliza kama nimechoka nalo. Nikamwambia hapana, lina maana, alicheze, asikimbie. Akaguna, akarudi ndani. Sikuweza kumwambia mengine. Bibi yangu alifurahi siku moja kwa kuamini kwamba mzee yule amempa kijana ufunguo kwa sababu ya kujuliwa hali, kisha akagundua kwamba ni uongo wangu, na akaenda kaburini akidhani kwamba alikosea kuhusu yule mzee. Hakukosea.