Mtamba wa Shangazi Kabula

Harufu ya sabuni ya mche ikichanganyika na samadi mbichi hunirudisha, popote niwapo, kwenye mnada wa ng'ombe huko Shinyanga, asubuhi moja nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Ilitoka kwenye mkono wa bwana mifugo. Alikuwa amevaa glavu ya plastiki iliyomfika begani, naye aliipaka sabuni kwa uangalifu mkubwa kabla ya kupima mimba za majike waliokuja kuuzwa.

Sisi tulimleta mtamba mwekundu kutoka Ibadakuli. Miaka mitatu alikuwa amechungwa pamoja na dume asizae. Baba alikwisha kuamua: akikutwa na mimba, atachukuliwa na mfugaji mmoja wa Chato; asipokuwa nayo, ni wa mchinjaji. Aliyemtunza mtamba huyo, hata kumtoa kupe kwa kucha zake, ni shangazi Kabula, dada yake Baba. Alikuwa amerudi kwetu kutoka kwa mumewe, Buseresere, na sanduku moja la bati. Sababu ya kurudi kwake haikuzungumzwa mbele ya watoto. Siku hiyo alikataa mtu mwingine asishike kamba.

Bwana mifugo alizamisha mkono hadi karibu na kwapa, akayakodolea macho mawingu kama mtu anayepapasa funguo mvunguni mwa kitanda. Mtamba akamharishia shati. Watu wakacheka. Shangazi alikuwa akichezesha midomo bila sauti.

"Hana kitu."

"Pima tena, bwana mifugo."

"Nimefika mpaka mwisho, mama. Hana."

Mchinjaji, mtu mnene mwenye mdomo mwepesi, alikwisha kushika pembe. "Afadhali! Jike lisilozaa linamaliza majani ya wenzake bure. Baba Minza, lete kamba, mjini watu wana njaa."

Kicheko kikapanda tena, na mimi, nakiri, nilicheka pamoja nao. Baba alimtazama dada yake. Kisha akauondoa mkono wa mchinjaji kwenye pembe, kidole kwa kidole.

"Simuuzi."

"Si tulikubaliana? Kapimwa, hana mimba!"

"Nimesikia. Anarudi nyumbani."

"Akafanye nini?"

"Akae."

Shangazi alitangulia na mtamba wake, nasi tukafuata. Nilinuna njia nzima, maana nilikuwa nimeahidiwa viatu vya shule, nikaamini kwamba Baba alikuwa amechukizwa tu na utani wa mchinjaji.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwa nini shangazi alirejeshwa kutoka Buseresere. Ndipo nilipoelewa kwamba Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akimwambia dada yake neno la upole, alikuwa amemwambia moja siku ile, mbele ya mnada mzima.