Kiafrikana cha Sista Nomsa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chuo kikuu kimoja cha Uholanzi, profesa mkuu wa idara alinikabidhi darasa la Kiafrikana ambalo mwalimu wake alikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekwenda kule kusoma Kiholanzi, na Kiafrikana, lugha mtoto wa Kiholanzi iliyokulia Afrika Kusini, nilikichukua kama somo la ziada, nikakipenda.

"Wewe si wa huku wala si wa kule," profesa aliniambia. "Hakuna atakayekuuliza babu zako walikuwa upande gani wakati wa ubaguzi wa rangi."

Kutoka hapo nikapelekwa Poland kufundisha. Mkuu wa kitivo, bibi mmoja mkali, alitaka sarufi kwanza, mazungumzo baadaye. Sarufi yenyewe si nzito: vitenzi havibadiliki kwa nafsi, majina hayana ngeli. Kinachowasumbua wanafunzi ni herufi g, inayotamkwa kama kh ya kheri, na ukanushi. Neno nie, yaani si, husemwa mara mbili: katikati ya sentensi, na tena mwishoni. Wapoland walikuwa wakilisahau lile la mwisho.

Niliporudi kwetu Maskati, Oman, chuo kimoja kikanipa darasa la jioni, wazi kwa yeyote. Vijana wetu wa Kiomani hawakuhitaji kufundishwa kh. Pamoja nao alikaa Sista Nomsa, nesi wa Afrika Kusini aliyekaribia kustaafu, mkaazi wa mtaa wa Darsait. Jioni ya kwanza nilimwambia asimame asome. Akachukua mkoba wake, akatoka.

Nikamkuta kwenye ngazi.

"Nimekuudhi?"

"Shuleni walitusimamisha hivyo hivyo," akasema. "Hesabu tulisomeshwa kwa lugha hii. Ukikosea, bakora. Mpaka leo sijui kama kilichonishinda ni hesabu au lugha."

"Sasa umeifuata ya nini?"

"Mwanangu ameoa kwa watu wanaoisema. Wajukuu wangu wanacheza kwa lugha hiyo. Nikienda likizo, nikiingia chumbani wanageukia Kiingereza, kwa adabu, na mchezo unakufa."

Nilimwomba arudi, naye akarudi. Tangu jioni ile hakuna aliyesimama darasani mwangu. Tuliketi duara, tukijifunza maneno ya kumwogesha mtoto, kumlisha, kumgombeza. Habari zikamfikia mkuu wa idara wa chuo kile, ambaye wazee wake, kama wangu, walitoka Unguja.

"Bi Zuwena, nnasikia darasa limegeuka baraza."

"Barazani ndiko watu wanakojifunza kusema, Dokta."

"Nnatakiwa niseme kama mwakani liendelee au lifungwe. Ntakuja kuangalia."

Akaja. Alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia Sista Nomsa, mkubwa kuliko wote, akamwomba kwa heshima asimame asome. Nikamwona anaushika mkoba. Nilitaka kumsemea, lakini alinitangulia.

"Ek staan nie op nie," akasema taratibu, akimtazama mkuu usoni.

Mkuu akanigeukia. "Kasema nini?"

"Kasema hasimami."

"Kasema sawasawa?"

"Sawasawa kabisa. Kakanusha mara mbili, kama inavyotakiwa."

Mkuu akafikiri. Kisha akavuta kiti, akaketi katika duara letu, akauliza, "Haya, na mimi nianze wapi?"

Mwaka uliofuata darasa lilifungwa. Wanafunzi walikuwa wachache mno, na mkuu mwenyewe alikuja nyumbani kunieleza. Nami nikastaafu. Sasa nnakaa mtaa wa Khuwair ya Kusini, hapa hapa Maskati, na vijana wa ukoo huniuliza kwa nini nilifundisha maisha yangu yote lugha iliyotumika kuwadhalilisha watu. Siwajibu kwamba lugha haina kosa. Aliyechapwa kwayo ana haki ya kuichukia mpaka kufa. Lakini akitaka kuingia, kwa miguu yake na kwa sababu zake, lazima pawe na mtu wa kumfungulia.

Majuzi Sista Nomsa alinipigia simu kutoka kwao Afrika Kusini, alikorudi. Nyuma yake wajukuu walikuwa wakigombania kitu kwa Kiafrikana.

"Nikikosea wananicheka, Mwalimu," akasema. "Wananicheka, na wanaendelea kucheza."